Fimbo ya Mbali: Haki za Binadamu katika Urafiki wa Nchi kwa Nchi

Kuna swali ambalo huulizwa sana mahali watu wanapokutana, iwe ni kwa baraza ya chifu, baada ya ibada, au ndani ya matatu. Watu huuliza: Je, nchi ya nje inahusikaje na jinsi serikali yetu inavyotutendea? Wakati balozi wa nchi ya kigeni anaposema kwamba watu wamefungwa bila haki, wengine humpigia makofi. Wengine nao humwambia arudi kwao.

Kila upande una sababu yake. Wa kwanza husema, "Sisi tukisema tunashikwa. Acha hawa ambao hawashikiki waseme." Wa pili husema, "Leo watatuambia tuachilie wafungwa, kesho watatuambia tuuze shirika la reli." Katika makala hii tutajaribu kueleza jambo hili tangu mwanzo wake, tukitumia mfano wa Kenya yenyewe, ili kila mmoja aweze kupima mwenyewe.

MANENO MAWILI YA KUELEWA

Haki za binadamu ni zile haki ambazo mtu anazo kwa sababu yeye ni mtu. Hakupewa na rais, wala na chifu, wala na chama. Kuishi, kutopigwa wala kuteswa, kutofungwa bila kesi, kusema maoni yako, kuabudu, kukutana na wenzako. Mataifa yaliziandika katika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu tarehe 10 Desemba 1948. Azimio hilo lina vifungu 30. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache: Mgala muue, na haki yake umpe.

Sera ya mambo ya nje ni mpango wa serikali wa kuishi na nchi zingine: inafanya biashara na nani, inampa nani silaha, inakopesha nani, inapokea wakimbizi wa nani. Kwa miaka mingi mpango huu uliongozwa na mambo mawili tu, usalama na faida. Kuuliza "Je, rafiki yetu huyu anawatendeaje watu wake?" ni jambo ambalo limeingia juzijuzi.

KILA MTU NA NYUMBA YAKE

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulipoanzishwa mwaka 1963, viongozi waliahidiana kwamba hakuna nchi itakayoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Wakati ule ahadi hiyo ilikuwa na maana. Nchi zilikuwa changa na wakoloni walikuwa bado mlangoni. Lakini baadaye ahadi hiyo iligeuka kuwa pazia la kufunikia maovu.

Tukumbuke Uganda ya Idi Amin. Tangu mwaka 1971 maelfu na maelfu ya watu waliuawa. Wengi walikimbilia hapa Kenya. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Hata hivyo marais wengi wa Afrika walinyamaza, na hapo awali, mwaka 1975, walikuwa wamemfanya Amin mwenyekiti wa OAU. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa wachache waliosema wazi kwamba si haki kuwalaumu makaburu wanaoua Waafrika na kumnyamazia Mwafrika anayeua Waafrika. Mwezi wa Oktoba 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukataza kununua kahawa ya Uganda, na kahawa ndiyo iliyokuwa ikimletea Amin karibu pesa zake zote za kigeni. Mwezi huohuo jeshi la Amin lilivamia Kagera. Tanzania ilipigana, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Baada ya aibu hiyo Afrika ilianza kubadilika. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu ulipitishwa mwezi wa Juni 1981, tena hapa kwetu Nairobi. Na mwaka 2000, viongozi walipoandika katiba ya Umoja wa Afrika, waliweka kifungu kinachoruhusu Umoja huo kuingilia kati nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya halaiki au uhalifu wa kivita. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba haki za binadamu ni jambo la wazungu, mkumbushe kwamba Waafrika wenyewe waliandika mkataba wao, na jiji letu lilikuwa mwenyeji.

MAREKANI YAANDIKA SHERIA

Marekani ilianza kuweka jambo hili katika sheria miaka ya 1970. Wananchi wake wengi walikuwa wamechoshwa na vita vya Vietnam, na walikasirika kuona kodi yao ikiwasaidia madikteta. Bunge lao likaamua kwamba serikali inayovunja haki za watu mara kwa mara na kwa ubaya mkubwa isipewe msaada wa kijeshi, wala msaada wa uchumi. Lakini kulikuwa na kipengele kimoja muhimu: msaada unaomfikia maskini moja kwa moja unaweza kuendelea. Kumbuka kipengele hicho, tutakirudia.

Jimmy Carter alipoingia madarakani mwezi wa Januari 1977, alisema haki za binadamu zitakuwa moyo wa sera yake. Kila mwaka serikali yake ilitoa ripoti juu ya hali ya haki katika nchi zingine. Msaada wa kijeshi kwa Argentina ulipunguzwa, kwa sababu jeshi lililotawala huko lilikuwa likiwateka watu na kuwapoteza. Lakini Carter huyohuyo, usiku wa kufunga mwaka 1977, alikuwa Tehran akimsifu Mfalme wa Iran, ambaye polisi wake wa siri walijulikana kwa kutesa watu. Iran ilikuwa na mafuta, nayo ilipakana na Urusi. Hapo ndipo tunapoona shida ya jambo hili tangu siku ya kwanza. Haki inakaa mezani pamoja na mafuta na silaha, na mara nyingi haki ndiyo inayoambiwa ingoje.

KENYA: MIAKA YA KUNYAMAZIWA

Kenya ilikuwa rafiki mkubwa wa nchi za Magharibi. Mwaka 1980 ilikubali meli na ndege za jeshi la Marekani zitumie Mombasa na vituo vingine. Wakati huo Vita Baridi ilikuwa kali, na majirani wengine walikuwa upande wa Urusi.

Basi mambo mengi yalitokea hapa na marafiki wale hawakusema sana. Mwezi wa Juni 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tangu mwaka 1986 watu wengi walikamatwa kwa madai ya kuwa Mwakenya, na wengi waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na mwaka huohuo wananchi walipiga kura ya mlolongo, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi mchana peupe. Misaada iliendelea kuja.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwezi wa Novemba 1989, mambo yalibadilika. Urusi haikuwa tishio tena, na Kenya haikuwa na thamani ileile. Hili ni jambo la kutafakari: wafungwa wa mwaka 1986 na wa mwaka 1990 walikuwa na haki zilezile. Kilichobadilika ni hesabu za wakubwa.

SAUTI ZA NDANI NA ZA NJE

Watu wengi hufikiri vyama vingi vililetwa na wafadhili. Hebu tufuate tarehe.

Siku ya mwaka mpya 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba mifumo ya chama kimoja barani Afrika itaanguka kama ile ya Ulaya Mashariki. Alitukanwa vibaya na wanasiasa. Askofu Henry Okullu naye alitaka kifungu cha 2A kiondolewe. Mwezi wa Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia wakasema vivyo hivyo hadharani. Mwezi huo ndipo balozi wa Marekani, Smith Hempstone, alipotangaza kwamba Bunge la nchi yake litapendelea kusaidia nchi zinazokuza demokrasia na kuheshimu haki. Matiba na Rubia walitiwa kizuizini mwanzoni mwa Julai, na tarehe 7, siku ya Saba Saba, polisi waliwapiga na kuwaua watu waliotaka kukutana Kamukunji na waliotoka barabarani. Wakili Gibson Kamau Kuria alijificha katika ubalozi wa Marekani kabla ya kuondoka nchini.

Pesa zilikuja kutajwa baadaye sana. Tarehe 25 na 26 Novemba 1991, wafadhili walikutana Paris chini ya Benki ya Dunia. Walikataa kuahidi msaada mpya kwa miezi sita mpaka waone mabadiliko ya uchumi, ya siasa, na vita dhidi ya ufisadi. Mwanzoni mwa Desemba Rais Moi aliwaambia wajumbe wa KANU huko Kasarani kwamba kifungu cha 2A kiondoke, na Bunge likakiondoa mwezi huohuo.

Ukiangalia tarehe hizo utaona ukweli. Wananchi walitangulia kwa karibu miaka miwili, na baadhi yao walilipa kwa damu. Wafadhili walikuja kusukuma mlango ambao ulikuwa umekwisha kutikiswa kutoka ndani. Bila wale wa ndani, wale wa nje wangesukuma nini? Lakini tuwe wakweli pia: bila Paris, pengine mlango ungechukua muda mrefu zaidi kufunguka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tunaweza kuongeza kwamba inaweza kumshtua, na aliye karibu akapata nafasi.

TURKANA ILILIPA

Sasa tuone upande mwingine. Norway ilikuwa imempa hifadhi Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge wa hapo awali na aliyewahi kuwekwa kizuizini. Mwezi wa Oktoba 1990 Koigi alishtakiwa Nairobi kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kitanzi. Norway ilipofuatilia kesi yake, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway.

Nani aliumia? Nairobi walipata hotuba. Lakini kule Turkana, Norway ilikuwa imefanya kazi kwa miaka mingi: barabara ya Lodwar, mipango ya samaki ziwani, maji, miti. Mradi mkubwa wa maendeleo vijijini ulikatika ghafla. Magari yaliegeshwa, wafanyakazi wakarudi nyumbani, na barabara ile baadaye ikachakaa hata ikawa mateso kwa wasafiri. Mama wa Turkana hakumjua Koigi wala hakuulizwa lolote. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Na hapa kuna funzo. Norway haikukata msaada ili kuiadhibu Turkana. Serikali ya Kenya ndiyo iliyokasirika kwa kuulizwa. Siku nyingine ni mfadhili anayekata. Kwa maskini matokeo ni yaleyale, lakini sisi tunaotafuta ukweli lazima tujue ni nani aliyeshika panga.

Mwaka 1991 wafadhili walikuwa waangalifu kidogo. Waliusimamisha hasa ule msaada wa pesa za haraka zinazoingia katika hazina ya serikali. Chakula cha njaa na miradi mingi iliyokuwa imeanza haikuguswa. Ndicho kile kipengele tulichosema tukikumbuke. Watu wengi hudhani bei zilipanda kwa sababu ya Paris tu. Lakini mwaka 1993 bei zilipopanda kwa karibu asilimia 46, sababu kubwa ilikuwa pesa nyingi zilizomwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, pamoja na malipo ya Goldenberg. Hilo lilipikwa hapa nyumbani.

PALE WALIPOFIKA NA WALIPOSHINDWA

Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Upinzani uligawanyika, na Rais Moi akashinda kwa karibu asilimia 36 ya kura. Mwaka uliofuata msaada ukarudi. Lakini tangu Oktoba 1991, huko Nandi na baadaye sehemu nyingi za Bonde la Ufa na Magharibi, watu walikuwa wakichomewa nyumba na kuuawa kwa misingi ya kabila. Makanisa ndiyo yaliyowapokea wengi wao katika viwanja na majumba yake. Wafadhili walikuwa wameuliza, "Mna vyama vingapi?" Ilikuwa rahisi kuhesabu vyama. Kuuliza, "Mama huyu atarudi shambani kwake lini?" ni kugumu zaidi, na swali hilo halikupewa uzito wake.

Kuna pia jambo la vipimo viwili. Nchi za Magharibi zilimlea Mobutu wa Zaire kwa karibu miaka thelathini. Uingereza ilikubali Azimio la 1948, na miaka minne tu baadaye ikatangaza hali ya hatari hapa Kenya, ikawafungia watu kambini na kuwatesa. Ilichukua mpaka tarehe 6 Juni 2013 kwa serikali ya Uingereza kueleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Nyani haoni kundule. Walakini, tukumbuke jinsi kesi hiyo ilivyoshinda: wazee wetu waliwabana Waingereza kwa lugha hiyohiyo ya haki, ndani ya mahakama za Uingereza. Haki ikikosewa na anayeihubiri bado ni haki.

NJIA WANAZOTUMIA, NA ZINAMPATA NANI

Sio shinikizo zote ni sawa. Hebu tuzipange.

1. Maneno ya faragha. Balozi anaongea na waziri kimyakimya. Hayaumizi raia, lakini ni rahisi kupuuzwa.

2. Maneno ya hadharani na ripoti. Mfungwa ambaye jina lake limetajwa ni vigumu kumpoteza usiku.

3. Kunyima silaha. Umoja wa Mataifa uliikataza Afrika Kusini silaha kwa lazima mwaka 1977. Njia hii humgusa mwenye bunduki.

4. Kufungia wakubwa akaunti zao na safari zao. Huyu ndiye mwenye kosa, na huumia yeye.

5. Kukata biashara au misaada yote. Hii ni panga la kukata pande zote. Mwezi wa Januari 2022 Ethiopia iliondolewa katika mpango wa AGOA kwa sababu ya vita vya Tigray. Ni wasichana wa viwanda vya nguo huko Hawassa walioanza kupoteza kazi, nao hawakuanzisha vita.

Lakini hata njia ya tano inaweza kuwa ya haki pale wanaoumia wanapoiomba wenyewe. Askofu Mkuu Desmond Tutu na wenzake waliiomba dunia iwekee Afrika Kusini vikwazo, wakijua kwamba watu weusi wangepoteza kazi. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo hata baada ya Rais Reagan kuikataa. Mandela alitoka jela tarehe 11 Februari 1990. Hiki basi ni kipimo kizuri: waulizwe wale wanaokanyagwa.

KENYA NAYO NI NCHI YA NJE

Tumezoea kujiona kama wanaoulizwa. Lakini kwa Mganda, Msomali au Msudani, sisi ndio nchi ya nje. Kenya ina sera yake, na ina mazuri ya kujivunia. Tangu 1991 na 1992 kambi za Dadaab na Kakuma zimepokea mamia ya maelfu ya watu. Katiba ya 2010 inasema mikataba ya kimataifa ambayo Kenya imekubali ni sehemu ya sheria zetu.

Lakini mwezi wa Oktoba 2024 serikali yetu ilikubali kwamba iliwarudisha kwao wakimbizi wanne wa Uturuki. Mwezi uliofuata mwanasiasa wa Uganda, Kizza Besigye, alichukuliwa Nairobi na akatokea Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwenye kukimbilia kwako akikamatwa uani mwako, hiyo ni sera ya nje pia, na ni yetu sisi. Vilevile dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba: serikali inapotia sahihi mkataba wa kazi na nchi hizo, je, inaangalia pesa zinazotumwa nyumbani peke yake, au pia pasipoti zilizonyang'anywa na mishahara iliyozuiwa?

SASA TUFANYE NINI?

Mwaka 2025 umetufundisha upya. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na zile ripoti za kila mwaka za haki za binadamu zilipotolewa mwezi wa Agosti zilikuwa zimepunguzwa sana. Yule aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa ameshusha sauti. Akipenda ataipandisha tena. Hatuwezi kujenga haki zetu juu ya uchaguzi wa nchi nyingine.

Kwa hivyo, ndugu na dada, haki inaanza kulindwa karibu. Mtu akikamatwa kijijini, andika jina lake, tarehe, saa, na kituo cha polisi. Mjulishe wakili, kikundi cha haki, au kamati ya haki na amani ya kanisa lako. Hata zile ripoti za mabalozi, mengi ndani yake yalitoka kwa watu wa kawaida walioandika walichokiona. Muulize mbunge wako kuhusu mikataba inayotiwa sahihi kwa jina letu. Na msaada wa nje ukija, upokewe kwa shukrani, lakini fimbo yetu wenyewe tusiiweke chini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, mnakumbuka mradi wowote hapa kwetu uliosimama kwa sababu ya ugomvi wa serikali na wafadhili? Nani aliumia zaidi?

2. Kati ya zile njia tano, ni ipi mngeipendelea kama haki zenu zingevunjwa? Kwa nini?

3. Kama Kenya ingekuwa inauza chai kwa nchi inayoua watu wake, je, mngekubali bei ya chai yenu ishuke ili biashara hiyo ikomeshwe? Kila mtu ajibu kwa ukweli.

4. Mgeni aliyekimbia nchi yake akija kijijini kwenu leo, mtamfanyia nini, na mtamwambia nani?